Kukusanya simulizi za watu wa kawaida mikoani: mwongozo kamili kwa anayetaka kuzunguka Tanzania

Ukifika kijijini ukatangaza kwamba unatafuta simulizi za kutia moyo, utazipata kabla jua halijazama, na zote zitafanana. "Nilianza bila kitu, nikahangaika, Mungu akanisaidia, leo nina nyumba ya bati na watoto wanasoma." Si kwamba watu wanadanganya. Wameshasimulia hivyo kwenye semina, kanisani, kwenye mikutano ya vikoba, na wanajua mgeni mwenye kinasa sauti anapenda kusikia nini. Simulizi yenyewe, ile yenye jina la aliyemkopesha mtaji, bei ya ng'ombe aliyeuzwa usiku na ugomvi uliofuata, imekaa chini ya hiyo. Haitoki siku ya kwanza, wala haitoki kwa kumwuliza mtu nini kilimtia moyo.

Ndiyo maana karibu kila ushauri ulio hapa unaelekea kwenye mambo mawili: ulizia kazi na maamuzi kuliko mafanikio, na jipange uweze kurudi kwa mtu yuleyule mara ya pili. Yaliyobaki ni namna ya kuyawezesha hayo kwa mfuko wa mtu wa kawaida.

Chagua uzi kabla ya kuchagua mikoa

Tanzania ina mikoa 31, 26 Bara na 5 Zanzibar. Anayetaka kuimaliza yote kwa mkupuo ataishia kuyajua mabasi na stendi. Tafuta uzi mmoja unaopita nchini, kisha uufuate.

Uzi unaweza kuwa njia. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina zaidi ya kilometa 1,200 za watu walioishi kwa kuuza vyakula dirishani, kutengeneza mataruma, kubeba mizigo na kungoja treni iliyochelewa. Ukiifuata unapita Dodoma kwenye zabibu, Tabora kwenye tumbaku na asali, Urambo ambako Waingereza walijaribu kulima karanga kwa matrekta mwishoni mwa miaka ya 1940 wakashindwa, Uvinza kwenye chumvi, halafu Kigoma na Ujiji. Sasa kwa kuwa treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, inakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, kuna jambo jipya la kuulizia kwenye vituo vya zamani: nani amepoteza wateja, nani amehama, nani bado anapika.

Uzi unaweza kuwa zao au kazi. Mkonge wa Tanga unakupeleka kwa wazee waliokuja kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali na hawakurudi kwao. Unaweza kuwafuata wakunga wa jadi, madereva wa malori ya Tunduma, mafundi wa mitumbwi, makuli wa bandarini. Au uzi uwe tukio: Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, watu walipohamishiwa vijiji vya pamoja, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Kuna mmoja ambao bado haujafuatwa vya kutosha: majirani wa wapigania uhuru. Kongwa, Nachingwea na Mazimbu palikuwa na kambi na shule za vyama vya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Wanakijiji waliowauzia maziwa, waliocheza nao mpira, waliozaa nao watoto, sasa ni wazee. Ningekuwa na nafasi ya kufanya safari moja tu, ningefanya hiyo.

Ukishapata uzi, chagua vituo vitatu au vinne na ukae. Kituo kimoja cha wiki nzima kinakupa simulizi nyingi nzuri kuliko vituo saba vya siku mojamoja, na nauli inapungua.

Fuata kalenda yao, si likizo yako

Mwezi wa kwenda unaamua utapata nini. Maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida, Tabora na nyanda za juu kusini, watu wako shambani kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Mtu aliyeinama na jembe tangu alfajiri hatakusimulia kitu saa mbili usiku. Nenda Juni mpaka Septemba: mavuno yameingia, barabara zimekauka, kuna harusi na ngoma, na watu wana subira. Lindi na Mtwara epuka wiki za kuokota na kuuza korosho, kuanzia Oktoba, isipokuwa kama korosho ndiyo habari yako.

Wavuvi wa dagaa wana kalenda yao ya usiku. Wanavua kwa taa, hivyo wanataka giza. Mwezi ukiwa mpevu nuru inatawanya dagaa, na mitumbwi mingi inalala ufukweni. Siku hizo za mbalamwezi ndizo zako: watu wanashona nyavu, wanalipana madeni, wanakunywa kahawa na wana muda. Ukifika mwezi ukiwa mwandamo utawakuta wamelala mchana kutwa, nawe utaandika kwamba wavuvi ni wakimya.

Pwani na visiwani, mwezi wa Ramadhani mchana ni mzito, lakini baada ya futari na tarawehe barazani huwa pamechangamka kuliko mwezi wowote. Ukienda, badili saa zako.

Karatasi za kubeba

Sehemu hii watu huiruka, halafu siku ya pili wanaitwa kituoni kujieleza.

Anza na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako, yenye mhuri, inayosema wewe ni nani, unakwenda wapi na kwa shughuli gani. Kama una taasisi nyuma yako, iandike barua kwa Katibu Tawala wa Wilaya unakokwenda. Ofisi ya wilaya itakuandikia kwenda kwa mtendaji wa kata, naye atakupeleka kwa mtendaji wa kijiji. Kule unasaini kitabu cha wageni. Zanzibar unaanzia kwa sheha. Piga nakala nyingi za kila barua, kwa maana kila meza itataka kubaki na moja, na mashine ya fotokopi iko wilayani.

Kazi yako ikiwa ni utafiti wa kitaaluma, unahitaji kibali cha utafiti kutoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Zanzibar ina utaratibu wake. Ukikusudia kurusha sauti au video mtandaoni kama shughuli ya kudumu, soma Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinazosimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ujue kama unahitaji leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, nayo inakuhusu: jina, sauti, picha na habari za afya ya mtu ni taarifa zake. Kambi za wakimbizi kama Nyarugusu haziingiliki bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, hata kama una ndugu ndani. Usipige picha madaraja, stesheni, bandari wala kambi za jeshi kabla hujaruhusiwa.

Vifaa

Simu nzuri inatosha. Ongeza maiki ndogo ya kubana kifuani, sponji yake ya kuzuia upepo, pawabenki, kadi mbili za kumbukumbu, daftari na kalamu tatu. Rekodi katika WAV kama simu inaruhusu. Saa moja ya sauti ya mkondo mmoja inakula takribani megabaiti 300, kwa hiyo hesabu nafasi kabla. Zima mtandao wa simu unaporekodi, la sivyo mjomba atapiga katikati ya kisa. Kama unaweza kumudu kinasa sauti cha pembeni, kitumie hicho, simu iwe akiba.

Adui mkubwa wa sauti vijijini ni bati. Mvua ikianza, funga kifaa mpige soga. Wa pili ni spika ya duka la jirani, na wa tatu ni kuku. Kaa chini ya mwembe au ndani ya chumba chenye mkeka na nguo zinazoning'inia, maana kuta tupu zinarudisha mwangwi. Kabla ya kufunga, rekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali pale. Itakusaidia kuziba pengo ukikata sauti.

Kuhusu bajeti nitasema neno moja: kinachomaliza hela ni bodaboda, kwa sababu gesti na chakula unaweza kuvikadiria, lakini msimulizi wako yuko kitongoji cha tatu kutoka barabarani. Patana na dereva mmoja kwa siku nzima, ukubali mafuta ni ya nani kabla hamjaondoka, na umtumie huyohuyo kila siku. Akishakuzoea atakuwa anajua kila nyumba, na mara nyingi yeye mwenyewe ana simulizi nzuri kuliko mtu mnayemwendea.

Kuingia mahali

Siku ya kwanza usirekodi kitu. Ofisi ya kijiji, salamu, chakula kwa mama ntilie, jioni kijiweni. Kijiwe cha kahawa kinatosha kukuonyesha nani anasikilizwa na nani anakatishwa. Ukiweza kucheza bao au drafti, cheza, na ushindwe kwa heshima. Kama kuna gulio au mnada wiki hiyo, ukae siku yake. Watu wanashuka kutoka vitongoji vyote.

Salamu usizifupishe. Shikamoo kwa kila anayestahili, kisha habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, za mvua. Jifunze salamu ya mahali: "Mwangaluka" asubuhi kwa Wasukuma, "Kamwene" ukiwa Iringa na Njombe. Ukiitamka vibaya watacheka, na kicheko hicho kimeshakufungulia mlango. Kama wewe na wenyeji ni watani, kama Wangoni na Wahehe, utani utafanya kazi ambayo barua yenye mhuri haiwezi. Nyumbani kwa mtu piga hodi, ngoja ukaribishwe, vua viatu pale wanapovua. Muite mtu kama anavyoitwa na majirani: Mama na jina la mtoto wake, Bi ukiwa pwani, Mzee, Mwalimu, Fundi. Aliyestaafu ualimu miaka 20 iliyopita bado ni Mwalimu.

Vaa kawaida. Fulana yenye nembo ya shirika inakugeuza kuwa mradi, na mradi unajibiwa kimradi.

Kumpata msimulizi

Mwenyekiti atakupa orodha. Ichukue kwa mikono miwili, uwatembelee wote walioandikwa, kwa sababu ni adabu na kwa sababu mmoja au wawili watakuwa wazuri. Lakini orodha hiyo ni ya watu wanaokifanya kijiji kionekane vizuri: mkulima bora, mwenyekiti mstaafu, mjasiriamali aliyepewa mkopo. Wengine watafute mwenyewe. Uliza maswali yanayoelekeza kwa mtu bila kumsifu: nani hapa alikuwa wa kwanza kununua cherehani? Nani anatengeneza baiskeli? Watoto wengi wa hapa walizalishwa na nani? Mkibishana juu ya mpaka wa shamba, mnamwendea nani? Anayetajwa na watu watatu wasiohusiana, mfuate.

Pima na mchanganyiko. Ukiangalia daftari ukakuta wanaume tu, wenye zaidi ya miaka 60 tu, wa ukoo mmoja, basi umezunguka nyumba moja kubwa. Kama wewe ni mwanamume, nenda kwa akina mama pamoja na mwanamke anayeheshimika pale, na uende wanakofanyia kazi. Mwanamke anayechambua mboga atasema mengi kuliko aliyekalishwa kwenye kiti sebuleni, mume akiwa amesimama mlangoni. Mume akitaka kusikiliza, mhoji kwanza yeye, kwa urefu. Akishasema yake atachoka aende zake.

Mazungumzo yenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo.

Mfikirie John Stephen Akhwari. Karibu kila Mtanzania anamjua kwa jioni moja ya Oktoba 1968 huko Mexico, goti limefungwa bandeji, akimaliza marathoni wa mwisho wakati wengi wameshaondoka uwanjani. Jioni ile ni nzuri na itaendelea kusimuliwa. Lakini mtu wa Mbulu aliyefika kwenye Olimpiki ana asubuhi nyingi nyuma ya jioni hiyo: alifanya mazoezi saa ngapi, nani alichunga mifugo yeye akikimbia, viatu vya kwanza vilitoka wapi, nani alimwambia aache mchezo. Msimulizi wako naye ana jioni yake moja anayoisimulia kwa kila mtu. Mwache aisimulie yote bila kumkatiza. Kisha rudi nyuma yake.

Unarudi kwa maswali ya vitu na siku. "Mlipoambiwa mhame, asubuhi ile ulikuwa unafanya nini?" "Ulibeba nini, ukaacha nini?" "Hela ya kwanza uliipata kwa nani, ukanunua nini?" "Nani alikukataza?" "Hii baiskeli ina umri gani?" "Nionyeshe unavyoshika." Swali la kumtaka aonyeshe kazi kwa mikono lina nguvu ya ajabu, maana mikono inakumbuka mambo ambayo mdomo haujawahi kuulizwa. Picha ya zamani ukutani, kadi ya chama, jeraha, cherehani, sufuria ya mahari: kila kimoja ni mlango.

Acha maswali yanayobeba jibu. "Ulijisikia vibaya, sio?" atakujibu ndiyo, kwa adabu tu. Acha pia "ungewaambia nini vijana?" Swali hilo linamgeuza kila mtu kuwa mhubiri, na utapata mahubiri. Mtu akiteleza mwenyewe kwenye mahubiri, mrudishe taratibu kwenye kitu: "Hiyo elfu kumi ya kuanzia, ilikuwa kwenye mfuko wa nani?"

Kimya kiache. Mzee akinyamaza akatazama chini, hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujafungua mdomo. Mara nyingi anachagua kama akuamini. Ukijaza pengo hilo kwa swali jipya, amechagua kutokuamini.

Kisha kuna suala la miaka. Watu wengi hawakumbuki tarehe, wanakumbuka matukio, kwa hiyo tengeneza kalenda ya matukio kabla ya kwenda, kurasa mbili za daftari. Upande mmoja ya taifa: Uhuru, 9 Desemba 1961, Azimio la Arusha, Februari 1967, kilimo cha kufa na kupona, 1974, shule za UPE (elimu ya msingi kwa wote), 1977, vita vya Kagera, foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, 12 Aprili 1984, Mzee Ruksa (Ali Hassan Mwinyi) kuingia madarakani, 1985, mvua za El Niño, 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba 1999. Upande wa pili ya mahali, nawe utaujaza ukiwa huko: mwaka daraja lilipochukuliwa na maji, mwaka wa nzige, mwaka padri fulani alipofika. Kigoma, kwa mfano, huwezi kuelewa umri wa mtu bila kujua mawimbi ya wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972 na 1993, na kutoka Kongo kuanzia 1996. Msimulizi akisema "nilikuwa nachunga mbuzi Mwalimu alipokuja na siasa ya vijiji", unamweka kwenye miaka yake bila kumtesa.

Lugha. Kiswahili kinakufikisha karibu kila mahali, lakini bibi wa Kigogo au Kisukuma anaweza kukisema kwa kukopa tu. Mwache asimulie kwa lugha yake. Mkalimani asiwe mtoto wake wala mkwe wake, kwa kuwa kuna mambo hayasemwi mbele ya mkwe. Rekodi maneno yake ya asili pamoja na tafsiri, kisha mpe mtu mwingine wa lugha hiyo, ukiwa mjini, asikilize upya. Utashangaa mkalimani alivyokuwa akilainisha.

Simulizi za vifo, ubakaji, mauaji ya watu wenye ualbino, vita: usizitafute siku ya kwanza, na zikija zenyewe usizisukume. Mwambie anaweza kuacha popote. Akilia, zima kifaa, kaa naye, usimpige picha. Usiondoke pale bila kuhakikisha yuko na mtu, na upitie kesho yake kumjulia hali bila kinasa sauti.

Swali la mwisho liwe hili kila mara: "Kuna jambo ulitegemea nitaliuliza, sijaliuliza?" Usizime kifaa kabla ya jibu. Kisha aga vizuri, na urudi baada ya siku mbili tatu. Mara ya pili atakuwa amelala nayo, amejadiliana na mke wake, amekumbuka jina lililompotea. Ataanza mwenyewe: "Siku ile sikukwambia vizuri." Hapo fungua daftari.

Ridhaa, na suala la soda

Ridhaa si kuweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Eleza kwa mfano anaoujua: sauti hii inaweza kusikika kwenye simu ya mtu yeyote, pamoja na shemeji yako, pamoja na yule uliyemtaja kwamba alikudhulumu shamba. Je, jina lako litumike? La kijiji? Picha? Jibu la kila swali lirekodiwe kwa sauti yake, mwanzoni na tena mwishoni, kwa sababu mwanzoni hajajua atasema nini. Kwa mtoto, uliza mzazi na mtoto mwenyewe. Mtu mwenye ualbino, shahidi wa kesi, au aliyemkimbia mume mkorofi, usitaje mahali anapoishi hata akikuruhusu.

Sasa posho. Miaka ya semina imezoesha watu kwamba mgeni mwenye daftari ana bahasha, na huwezi kujifanya hujui. Msimamo wangu: silipi simulizi, kwa sababu simulizi yenye bei inarefushwa kama kitambaa cha kuuza kwa mita. Lakini mtu nikimtoa kwenye kibarua cha siku, namrudishia thamani ya kibarua chake, tena baada ya mazungumzo, na nasema wazi ni ya muda. Wengine wote napeleka zawadi ya mgeni: sukari, majani ya chai, sabuni, mkate kutoka mjini. Kiwango kiwe kimoja kwa wote, maana kesho yake kijiji kizima kinajua nani alipata nini. Ukikuta msiba, weka kazi chini, kaa matangani, toa rambirambi.

Kila usiku, gestini

Hata kama umechoka. Hamisha sauti kwenye kompyuta au fleshi, halafu nakala ya pili mahali pengine. Mtandao ukiruhusu, ya tatu ipande mtandaoni. Fleshi usiiweke begi moja na simu. Faili lipe jina linaloeleweka miaka 10 baadaye: tarehe ikianzia na mwaka, mahali, namba ya msimulizi, sehemu ya ngapi. Majina halisi yakae kwenye daftari tofauti, ili kifaa kikiibwa stendi mwizi asipate sauti na majina pamoja.

Kisha andika ukurasa mmoja wa yale ambayo kinasa sauti hakikuona: alikaa wapi, nani alipita, alinyamaza wapi, alicheka nini, harufu ya nini ilikuwa jikoni. Andika usiku huohuo. Keshokutwa utakuwa umechanganya nyumba mbili.

Kutoka sauti hadi maandishi

Saa moja ya mazungumzo itakula saa nne hadi sita za kuandika neno kwa neno, zaidi kama kuna upepo au lugha mbili. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinajitahidi kwa Kiswahili cha redioni, ila kwa mzee wa Ujiji asiye na meno zitakutungia mambo, kwa hiyo kila mstari usikilizwe na mtu.

Usimsanifishe msimulizi. Akisema "tukaenda zetu kule kwa bwana shamba, wee, ulikuwa moto", iandike hivyo. Unaweza kukata marudio na kuhamisha sehemu ili kisa kieleweke, lakini usimpe maneno ambayo hakusema, wala usimwandikie hitimisho. Lafudhi na msamiati wa mahali ndivyo vinavyomfanya awe mtu. Ukivisafisha, wasimulizi wako wote watasikika kama wewe.

Hakiki yanayoweza kuhakikiwa. Tarehe za matukio makubwa ziko kwenye magazeti ya zamani na Nyaraka za Taifa. Mambo ya kijiji muulize mtu wa pili na wa tatu. Kumbukumbu ikigongana na rekodi, acha zote mbili zionekane: mzee anasema mwaka fulani, rekodi inasema mwingine. Lakini mtu akimtuhumu mwingine kwa jina, wizi, uchawi, mauaji, jina hilo litoke, isipokuwa kama una hukumu ya mahakama mkononi. Migogoro ya ardhi hasa ichukulie kwa uangalifu: simulizi yako inaweza kufikishwa barazani kama ushahidi.

Kuhusu haki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda wewe mwandishi, lakini usiifanye fimbo ya kumpiga msimulizi. Andikianeni makubaliano mafupi kwa Kiswahili cha kawaida: nini kitatumika wapi, na ikiuzwa, yeye anapata nini.

Kurudisha

Kabla ya kuchapisha, mpigie msomee. Kama hana simu, tumia ya mtendaji au ya yule dereva wako wa bodaboda. Atasahihisha majina, atakumbuka zaidi, na wakati mwingine ataomba kipande kitolewe. Kitoe. Baada ya kuchapisha, peleka nakala ya karatasi yenye herufi kubwa na picha yake iliyosafishwa. Picha hiyo mara nyingi ndiyo pekee ya ukubwa huo nyumbani, na itatundikwa. Sauti iweke kwenye fleshi kwa ajili ya mjukuu. Redio za jamii, kama Pangani FM au Sengerema FM, ni njia nzuri ya kuirudisha simulizi kwa watu wa hukohuko wasionunua bando la kusomea makala, ila ridhaa ya redio iombwe peke yake, kwa kuwa jirani anayekusikia redioni si sawa na mgeni anayekusoma Mwanza.

Mtu akibadili nia baada ya miezi, kwa sababu mtoto amepata uchumba au kesi imefunguliwa, ondoa simulizi yake mtandaoni siku hiyohiyo bila kubishana, mtumie ujumbe kwamba imeondolewa, na uandike kwenye daftari tarehe na sababu aliyoitoa. Usifute sauti ya asili mpaka umwulize kama anaitaka yeye. Wengine wanachotaka ni isisikike tu kwa sasa, na watakuomba uihifadhi mpaka wakishazikwa. Hao waandikie karatasi yenye jina la mwanafamilia atakayekabidhiwa, msaini wote wawili, kila mmoja abaki na yake.